Siti ya ukutani tuwaachie wenye waume pembeni

Kabla ya safari ya ndege kila niliyemuuliza alinambia neno moja: "Omba siti ya mbele, ya ukutani, ile yenye susu la mtoto." Wifi yangu kasema. Jirani kasema. Kijana wa tiketi naye kasema, na yule nina hakika hajawahi kumbadilisha mtoto nepi maishani mwake. Ndiyo siti ya safu ya mwanzo, iliyotazamana na ukuta, na ukutani hapo mtoto anapachikiwa kitanda kidogo cha kulalia. Nikaomba, nikapewa. Sasa nimesharudi kwetu Wete, Pemba. Nimekwenda London kwa mume wangu na nimerudi, ndege tano kwa jumla, mtoto mapajani na hapana mtu wa pili. Nnavyoona mie, siti ile ni ya mama aliyefuatana na mtu. Aliye peke yake aende zake nyuma. Nitaeleza kwa nini, ila msinitake mpangilio, maana naandika mtoto kalala na sijui ataamka saa ngapi.

Mtoto mwenyewe tunamwita Babu. Jina lake ni la baba mkwe wangu, na mie nitalitajaje jina la mkwe katikati ya kumgombeza mtu kwa kutia kidole kwenye soketi? Tulipoondoka alikuwa na miezi mitano, kadi ya kliniki inasema kilo 7.4. Tuliporudi ana minane na kilo 9.8. Hilo kumbukeni, maana siti iliyokufaa kwendea huenda isikufae kurudia.

Ndege ndogo ya kutoka Chake haina cha kuchagua. Ni Cessna Caravan, injini moja puani, abiria kumi na mbili hivi, na anayepanga nani akae wapi ni rubani na mizani. Mzigo mwisho kilo 15, kwa hiyo nusu ya nepi zangu nilizitanguliza kwa boti. Siti ya ubavuni mwa rubani, wanayoigombania wageni kwa ajili ya picha, mwenye mtoto hapewi, wala usijisumbue kuiomba. Nilikaa nyuma, upande wa siti moja moja. Mngurumo ukamlaza Babu kabla hatujaliacha pwani, na nusu saa baadaye tuko Kisauni, uwanja wa ndege wa Unguja. Ndege ile haina choo, haina mhudumu, haina susu, na ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote.

Kutoka Unguja hadi Ghuba, Uarabuni, ni ndege ya njia moja katikati, siti tatu huku na tatu huku, saa tano na kitu angani. Hapo nilichagua dirishani kwa sababu ya kunyonyesha. Mie ni mtu wa buibui na mtandio, na ukigeukia dirisha unajifanyia kichumba chako, hapana anayekuona. Kwa hilo dirisha nalisifu. Hasa pale ndege inapoanza kushuka, maana masikio ya mtoto yanauma zaidi kwenye kushuka kuliko kupaa, na kushuka kunaanza mapema, kama nusu saa kabla ya kutua, wakati wewe bado unadhani mko juu. Mtie ziwani wakati huo, anameza maziwa na masikio yanazibuka.

Lakini majirani zangu walikuwa vijana wawili, wana adabu zao, wakasinzia kabla magurudumu hayajainuka. Na Babu naye akaona huo ndio wakati wa kwenda haja kubwa. Kuwaamsha naona haya. Kuwaruka na mtoto mkononi siwezi. Nikakaa na nepi iliyojaa ya mwenzangu karibu saa nzima, harufu imetanda safu tatu, mpaka yule wa kati akaamka mwenyewe akaangalia huku na huku kama mtu aliyeota ndoto mbaya. Dirishani basi, kama jirani yako ni mwanamke, au ni mtu unayemmudu kumgusa bega.

Halafu ndege kubwa ya kwenda London, ndiyo hiyo ya ukutani. Njia mbili, siti tatu, nne, tatu, herufi kutoka A mpaka K. (I hawaitumii. Nilihesabu mara mbili nikidhani kuna mtu kaibiwa siti.) Safu ya mwanzo huna siti mbele yako, una ukuta, na ndege ikishatulia angani mhudumu anakuja kulipachika susu kwenye ukuta ule. Kilikuwa kisusu kizuri kwa kweli, kama kisanduku cha kitambaa, kina kifuniko cha kufungia juu, na kibandiko ubavuni kuwa mwisho ni kilo 11. Kila shirika lina kipimo chake, kwa uzito na kwa urefu, kwa hiyo uliza wakati wa kuomba. Na kuomba ni kwa simu au ofisini, mapema, kwani kuta ni chache na mama ni wengi.

Babu akatiwa, akalala. Nikavua viatu, nikaletewa chakula, nikafungua kile kifuniko cha wali. Taa ya mkanda ikawaka.

Hili hapana aliyenambia. Taa ya mkanda ikiwaka, mtoto lazima atoke kwenye susu, umpakate na umfunge kwa kile kimkanda kidogo kinachopita kwenye mkanda wako. Awe kalala fofofo, awe kalala kiasi gani, atoke. Usiku ule iliwaka mara nne. Mara nne nimemtoa mtoto usingizini, mara nne nimeanza upya kumbembeleza, na wali wangu ulipoa tangu mara ya mwanzo. Mwenye mume pembeni mmoja anakula na mwengine anapakata. Mie nilikula mkate kwa mkono wa kulia kama mtu anayejificha.

Na mkoba. Kwa kuwa huna siti mbele yako, huna pa kusukumia mkoba chini yake. Wakati wa kupaa na kutua kila kitu kinapanda kwenye kabati la juu. Kila kitu: nepi, tishu za maji, nguo ya akiba, mpaka mkoba wa pasi. Mie mfupi. Tulipoanza kushuka London, taa imewaka, wahudumu wamekaa, Babu akafungulia, na safari hii nepi haikuzuia. Kikatokea mgongoni, kikapanda mpaka shingoni, kikaingia kwenye mikunjo ya ile fulana aliyofuma bibi yake. Vya kumfutia viko futi tatu juu ya kichwa changu na siruhusiwi kusimama. Nilimfuta kwa kanga. Kanga mpya, haijafuliwa hata mara moja, ya doti niliyopewa na mama siku ya kuaga. Nikaikunja ule upande mchafu ndani, na nikashuka uwanjani London nimebeba ile kanga kama nimebeba samaki.

Mengine ya ukutani nayapita haraka. Mikono ya siti haiinuki, kwa sababu meza na kioo vimefichwa ndani yake, kwa hiyo hata siti ya pembeni ikiwa tupu huwezi kumlaza mtoto kwenye siti mbili. Na ule uwazi wa mbele ya miguu yako, unaoupenda, kila mtu anaupenda. Ni kichochoro cha kutoka njia hii kwenda ile, na ni baraza ya kunyooshea viungo. Mzee mmoja alisimama pale robo saa akipinda kiuno mbele ya uso wa mwanangu.

Miezi mitatu baadaye, kurudi, niliomba tena siti ile ile. Ndiyo, najua. Mtu haachi kitu kizuri kwa kukiona kibaya mara moja, na kila mtu bado ananambia ndiyo bora. Nikathibitishiwa kwa simu, nikalipa dola 35 za kuchagua siti. Kufika kaunta, binti akaangalia kompyuta, akaangalia pasi, akaangalia kompyuta tena. Siti imepewa watu wengine. Shirika silitaji, lakini dola zangu bado nazidai. Nilimwambia nina mtoto, niko peke yangu, nitafanyaje? Machozi yako hapa. Akaandika kwa muda, akanipa C, safu chache kutoka mkiani. "Ya kati nimeifunga, dada, haikai mtu," akasema kwa Kiingereza chake cha haraka. Sikumshukuru hata. Sasa namshukuru.

C ni siti ya njiani, na njia iko mkono wako wa kulia. Mie mtoto nampakata mkono wa kushoto, basi kichwa chake kinakuwa ndani, upande wa siti ya kati, na nyayo ndizo zinazotazama njia. Toroli ya chakula ikipita, ikigonga inagonga kidole cha mguu, na kidole unakikunja. Anayepakata kulia atafute njia iwe kushoto kwake, kwa mfano D au H. Ni jambo dogo, lakini nilimuona mama mmoja mtoto wake kagongwa kichwa na kiwiko cha mtu aliyebeba begi.

Mkono wa siti unainuka, nikauinua, Babu nikamlaza ubavu kwenye siti mbili, kichwa mapajani. Taa ilipowaka nilimvuta tu juu yangu, nikafunga kimkanda, hata jicho hakufungua. Mkoba uko miguuni, chini ya siti ya mbele, nepi naifikia kwa vidole. Injini zinanguruma kwelikweli kule nyuma, na kwa mtoto ule mngurumo ni kama kupigiwa dufu mbali. Aibu ya mkiani ni mtikisiko, huo sifichi, mkia unapepesuka kuliko pale kwenye mbawa. Mwenye kichefuchefu akae katikati. Ila si kwenye safu ya mlango wa dharura, hapo mwenye mtoto hakai hata akilipa.

Na nyuma kuna jiko. Hili ndilo hasa. Jikoni wahudumu wanasimama, wanapiga soga, na kuna uwazi wa kusimama na mtoto ukimtingisha bila ya kumchungulia mtu kwenye sahani yake. Mmoja wao, mama wa makamo, alinitilia maji ya moto kwenye kikombe nikapashia uji wa Babu. Mwengine akambeba huku mie nakula, wali wa moto safari hii, nimesimama nimeegemea yale masanduku ya chuma. Si kazi yao kubeba watoto, na usimtupie mtu mtoto kana kwamba ni haki yako. Lakini mtu anayekuona umesimama mbele yake kwa saa nzima mwisho ataulizia jina. Ukutani nilikuwa mbele kabisa, na msaada ulinifikia kwa kubonyeza kengele na kungoja.

Choo nacho. Si vyoo vyote vyenye ubao wa kumbadilishia mtoto, kwa hiyo angalia alama mlangoni kabla hujajifungia. Huo ubao unashuka juu ya choo chenyewe, mwembamba, na Babu wa kilo 9.8 alikuwa anaujaza. Nilimbadilisha vizuri. Lakini na mie je? Nilikuwa na mbeleko. Nikamfunga mgongoni pale pale, kama ninavyomfunga nikienda kuchota maji, nikafanya yangu. Alishika ule mpira wa karatasi za choo akauvuta, ukamwagika mpaka sakafuni, na kwenye kioo nikamuona anacheka nyuma ya bega langu. Nilipotoka foleni imefika safu ya tano. Yuleyule mama wa jikoni akaniangalia mgongoni, akaomba nimuoneshe inavyofungwa.

Ndege ya mwisho, ile nyembamba ya kurudi Unguja, nitaisema kwa tukio moja. Nilipata tena C. Dirishani kwenye safu hiyohiyo kakaa mama mwengine na mtoto wake wa mwaka mmoja. Tukafurahi, tukaanza kusalimiana, mhudumu akaja kututenganisha. Kumbe juu ya siti tatu kunakuwa na barakoa za hewa nne, moja ya ziada kwa mtoto mmoja. Watoto wawili upande mmoja wa safu haiwezekani, mmoja angekosa. Mie nilikuwa bado sijafungua mkoba, nikahama. Ukiona mtoto mwengine kwenye safu yako, sema mapema, usingoje mpaka umeshatandika.

Kwa hiyo nyota. Ukutani peke yako: mbili kati ya tano, na hizo mbili ni za lile susu. Ukutani na mtu wa pili: nne. Dirishani: tatu, kwa ajili ya ziwa. Njiani nyuma, karibu na jiko na choo: tano, ukiuliza kaunta kama ndege haikujaa na wakikufungia ya kati. Ikiwa imejaa, nne na nusu.

Tiketi ya mapajani inakwisha siku anapotimiza miaka miwili. Akitimiza mkiwa safarini, kurudi anadai siti yake kamili kwa nauli yake, na ukimletea kiti cha gari wanakitaka kiwe dirishani kisimzuie mtu kupita. Baba yake nimeshamwambia atafute likizo kabla ya siku hiyo, na hii mara aje yeye Pemba.