Huduma ya simu 116: inafaa, mradi ujue cha kusema

Binti wa miaka 13 analetwa Dar es Salaam kutoka kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa, kisha anaishia kulea mtoto na kufua kutwa, mshahara haujui. Kwa tatizo kama hilo, Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, inayoendeshwa na shirika lisilo la kiserikali la C-Sema, ndiyo mlango wa kwanza tunaoupendekeza. Kupiga ni bure, hata salio likiwa sifuri. Si lazima uwe mzazi au ndugu, jirani anatosha.

Ila huduma hii inategemea sana mpigaji. Ukisema "kuna mtoto ananyanyaswa huku Tabata", hakuna afisa ustawi wa jamii atakayefika. Andika kwanza pembeni: jina la mtaa, namba iliyo kwenye kibao cha anwani ya makazi, rangi ya geti, umri wa mtoto kwa kukadiria, na saa anayotoka kutupa taka au kutumwa dukani. Halafu taja mambo matatu: nani alimleta, aliahidiwa nini, anafanyishwa nini. Bila hayo, taarifa husomeka kama ugomvi wa nyumbani. Yakiwepo, yanaelekeza kwenye sheria ya 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu. Kwa aliye chini ya miaka 18, "mwenyewe alikubali" au "mama yake ndiye aliyemtoa" si utetezi.

Udhaifu upo baada ya simu. Anayeipokea haji kumtoa mtoto. Taarifa inakabidhiwa kwa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na huko ndiko inakoweza kulala. Omba jina la afisa aliyekabidhiwa, upige tena kesho yake. Tafadhali usiende kumkabili mwajiri: mtoto anaweza kuhamishwa usiku huohuo. Kama anapigwa sasa hivi, piga polisi 112.

Akishatolewa, kosa linaloumiza zaidi ni haraka ya kumpandisha basi arudi kwao. Dalali aliyemleta mjini mara nyingi ni shangazi au jirani wa hukohuko, na atamtoa tena. Ustawi wa wilaya ya nyumbani wachunguze kwanza nani atampokea. Kwa sasa akae nyumba salama, ingawa nafasi ni chache.

Kama ameumizwa, chukueni PF3 polisi, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Kama amebakwa, afike hospitali ndani ya saa 72, ikiwezekana yenye kituo cha mkono kwa mkono (matibabu, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja), ili apewe dawa za kuzuia VVU. Nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, maana ndani ya plastiki unyevu huharibu ushahidi.

Na asipokumbuka namba ya simu ya nyumbani, muulizeni jina la shule na la mwalimu wake. Kupitia shule, familia hupatikana upesi kuliko kwa jina la kijiji peke yake.