Duka la Kompyuta la Ngamiani Lililonifungia Hata Rangi

Sipendi kuitia doa riziki ya mtu, na jina la duka nitaliacha, lakini kazi niliyofanyiwa siwezi kuinyamazia. Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, programu kuu iliyokuwa ikiendesha kompyuta yangu ya mezani, tarehe 14 Oktoba 2025, niliipeleka mashine kwa mafundi wa huku huku Ngamiani, Tanga, waniwekee Windows 11, maana ndiyo ninayochapia barua, mihutasari ya vikao na kadi za harusi za wateja wangu. Ilirudi steshenari kwangu ikiwaka upesi kuliko zamani, na mafaili yangu yote yalikuwa salama. Siku ile ningewapa nyota tano bila kusita.

Kisha nikayaona yale maandishi. Pembeni kulia, chini kabisa, kwa kijivu kilichopauka, Windows ilikuwa ikinitaka niiamilishe, yaani niithibitishe kwa leseni. Maandishi hayo hayajifichi nyuma ya kazi yako; hukaa juu ya kila unachokifungua, hata kwenye jedwali la michango ya harusi yakalalia safu ya mwisho, pale pale penye jumla. Nilipoingia kwenye Mipangilio ili niweke rangi nyeusi pamoja na picha niliyoipiga ufukweni Raskazone, sehemu zote za mandhari na rangi zilikuwa zimefifia, hazibofyeki. Anayekodolea macho ukurasa mweupe tangu asubuhi hadi adhuhuri atanielewa kwamba rangi nyeusi kwangu si urembo.

Nikarudi dukani. Nilitoa salamu, na fundi akaiitikia bila kuinua uso kwenye simu yake, jambo ambalo hapa Tanga hata mtoto hukanywa. Nilimweleza shida yangu kwa utaratibu, naye akanijibu mbele ya wateja: "Bi mkubwa, kompyuta ni ya kazi. Ukitaka kuipamba kama bibi harusi, ongeza pesa nikufungulie rangi." Nikufungulie rangi! Leseni ya Windows niliinunua pamoja na mashine yenyewe, sasa ananiuzia ruhusa ya kubadilisha picha?

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu, ambaye wala si fundi. Kompyuta nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au matoleo ya baadaye zina ufunguo wa leseni uliohifadhiwa kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani. Yangu ilikuja na toleo la Home, lile la matumizi ya nyumbani. Fundi akaipachika Pro, toleo jingine lenye leseni yake, kutoka kwenye flashi yake, ambayo nadhani humpachikia kila anayeingia, na ufunguo wa Home hauiamilishi Pro. Kwa hiyo leseni yangu ilikuwepo muda wote, ila yeye aliipa kisogo, kisha akataka kunitoza kwa kasoro aliyoitia kwa mkono wake. Huenda hakujua. Lakini asiyejua husema hajui, hasemi ongeza pesa.

Mpwa wangu alinakili mafaili kwanza, akaweka Home, akaiunganisha na intaneti ya simu, na Windows ikajiamilisha yenyewe. Gharama ilikuwa bando tu. Maandishi ya kijivu yakatoweka, na hapo ndipo nilipoifurahia Windows 11 kama nilivyotarajia. Nimeweka rangi nyeusi. Kitufe cha Start, ambacho huja katikati, nimekirudisha kushoto nilikokizoea. Kishale cha kipanya nimekikuza na kukipaka njano, kwa sababu kile cheupe hupotea kwenye karatasi nyeupe, na ikifika magharibi mwanga wa usiku hujiwasha na kuitia skrini wekundu kidogo. Yote hayo ni ya kubofya tu, hayahitaji fundi.

Tena kilichonichoma zaidi nilikijua baadaye: hata kwenye Windows isiyoamilishwa, ukibofya kulia juu ya picha ndani ya folda yake, unaweza kuiweka iwe mandhari; na ukubwa wa herufi uko kwenye ukurasa wa ufikivu, ule wa kuwarahisishia wenye shida ya kuona au kusikia, ambao haufungwi. Mtu mwenye nia njema angenionyesha hayo nikiwa nimesimama pale pale. Microsoft nao siwaachi hivi hivi, kwani sioni sababu ya kufunga rangi wakati uchapaji wenyewe unaendelea kama kawaida, ingawa nakiri kwamba bila yale maandishi nisingegundua nimewekewa toleo lisilo langu.

Nilikusudia kulitunuku duka nyota tatu kwa ajili ya kasi na mafaili yaliyosalimika. Nikiikumbuka ile "bi mkubwa" na wale wateja waliocheka, naona mbili zinatosha. Na kwa kuwa jana mteja wangu mmoja ameniambia naye ametozwa ya kufunguliwa rangi, akalipa, basi iwe moja.