Kuhariri picha kwa akili bandia: mtandaoni au kwenye kompyuta yako?

Zana za mtandaoni hazina usumbufu: unafungua kivinjari, unaandika unachotaka, basi. Kero ni kichujio, yaani mfumo unaozuia picha zinazodhaniwa hazifai. Mara nyingi hukagua maneno yako kwanza, kisha picha inayotoka, na nia yako hakiijui. Ukitaka kung'arisha picha ya kidonda kwa somo la huduma ya kwanza, au kufuta mpita njia nyuma ya mtu aliyevaa nguo za kuogelea, unaweza kukataliwa bila kuambiwa kosa ni lipi.

Stable Diffusion, modeli ya akili bandia ya kutengeneza na kuhariri picha iliyotolewa kwa umma Agosti 2022, unaiendesha kwenye mashine yako. Kichujio unaweza kukizima (dhamana inabaki kwako), na picha haitoki nje. Ila inataka kadi ya michoro yenye nguvu, na kuisakinisha kunachosha. Kwa picha za kitabibu nachagua hii. Kubadilisha mandhari tu, mtandaoni panatosha.