Laptopu ya mtumba ya kuendeshea mashine pepe: jaribu BIOS kabla hujatoa pesa

Mwezi uliopita nililipa shilingi laki sita na nusu Kariakoo kwa laptopu iliyong'aa kama imetoka kiwandani jana. RAM GB 16, SSD mpya, betri nzima. Nilitaka kuweka VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, na ndani yake mifumo ya Ubuntu na Windows Server ya kujifunzia, bila kuigusa Windows ninayofanyia kazi. Mashine pepe ya kwanza ikagoma kuwaka: VT-x, uwezo wa prosesa ya Intel wa kuendesha mashine pepe, imezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Nikaingia BIOS niiwashe, ikanidai nywila. Nywila iliyowekwa na ofisi ya ng'ambo, kabla kompyuta haijapakiwa kwenye kontena.

Safari ikaishia hapo. Tangu toleo la 6.1, la mwaka 2019, VirtualBox haiendeshi mashine yoyote pasipo VT-x, au AMD-V kwa prosesa za AMD. Hyper-V, programu ya Microsoft ya kazi hiyohiyo, nayo ni vilevile. Niliporudi dukani, muuzaji alininyoshea kidole kwenye kibao cha ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Kwa hiyo dukani anza hivi. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha CPU, usome mstari wa Virtualization. Lazima paandikwe Enabled. Halafu zima laptopu, uiwashe tena ukibonyeza F1 kwa ThinkPad za Lenovo, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Kuingia tu hakutoshi: ThinkPad yenye nywila inaweza kukuruhusu uangalie kila kitu na isikubali ubadilishe chochote. Badilisha jambo moja dogo, hifadhi, iwashe upya uone kama limeshika. Fundi akikuahidi kwamba akichomoa betri ndogo ya saa nywila itafutika, usikubali. Kwenye ThinkPad nywila hiyo hukaa kwenye chipu isiyotegemea betri, na Lenovo wenyewe husema dawa ni kubadilisha ubao mama.

Laptopu ya kwanza kwangu, na wala sioni ya kuikaribia, ni ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Ndiyo niliyonunua baadaye na ndiyo ninayoandikia hapa. Ina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo unaanza na GB 8 na kufika 32 pesa ikipatikana. Prosesa yake ya Intel i5 ya kizazi cha 8 ina kori nne, yaani viini vinne vya kuchakatia. I5 za aina hiyo za kizazi cha 7 zilikuwa na mbili tu, na mashine pepe mbili zikiwaka pamoja tofauti unaiona waziwazi. Kinachonifunga kwake hasa ni betri mbili, moja ndani na moja ya nje inayochomoka. Umeme ukikatika Ubuntu ikiwa katikati ya kuandika, diski yake pepe inaweza kuharibika. Nikiwa na T480 naichomoa betri iliyokwisha, naweka nyingine, kazi inaendelea. Angalia tu usiuziwe T480s ukidhani ni ileile: hiyo, sehemu ya RAM yake imechomelewa kwenye ubao mama, na nafasi ya kuongeza ni moja.

Ya pili ni HP EliteBook 840 G5, nayo ya kizazi cha 8 na nafasi mbili za RAM. Ya tatu ni Dell Latitude 5490, imara ila nzito kidogo. Jaribio la BIOS ni lilelile kwa zote.

MacBook Air ya M1 ni kompyuta nzuri, lakini RAM yake haiongezeki kamwe, na Windows ya kawaida ya Intel juu ya chipu ya Apple hutambaa. Laptopu za laki mbili zenye prosesa dhaifu ya Celeron na RAM GB 4 ziache.

Na bei zenyewe zinaniuma. Winga, yaani dalali, anakushika mkono barabarani, anakutajia bei, ukifika dukani imepanda kwa sababu na yeye ana chake humo. RAM ya GB 8 wanayokuongezea mbele ya macho yako imetolewa kwenye laptopu ya pili pale rafuni, na unalipishwa kama mpya. Nilipoomba niwashe BIOS kwa dakika mbili, maduka matatu yalikataa. Duka la nne mwenye duka alinivutia kiti akasema, "Kagua dada, chukua muda wako." Pale ndipo nilipoacha pesa yangu.