Ekstensheni ya saji kwa PS5 na kompyuta ya gemu: inazuia nini, haizuii nini

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa mezani kuna vitu vinne: ekstensheni ya kawaida, ekstensheni yenye kinga ya saji (yaani volti zinazoruka ghafla kwa muda mfupi sana), gadi ya TV, na UPS ndogo ya VA 650, kile kisanduku chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika. Dukani vyote vinakaa rafu moja, na ukimuuliza muuzaji atakwambia vyote "vinazuia umeme". Hapana. Kila kimoja kina kazi yake, na ukichagua vibaya PS5 inaungua huku taa ya ekstensheni ikiendelea kuwaka kama vile hakuna lililotokea.

Tuanze na hii yenye saji, maana ndiyo inayonunuliwa sana kwa jina tu. Skrubu zimeshatolewa, tazama ndani. Hiki kidude cha buluu, cha duara na bapa kama kidonge kikubwa, kinaitwa varista. Kimetengenezwa kwa oksaidi ya zinki. Volti zikiwa za kawaida, 230, kimetulia, hakipitishi kitu. Zikiruka ghafla, pengine kwa sehemu chache tu za milioni ya sekunde, kinafunguka, kinaupitisha ule umeme wa ziada kwenda nyutro (waya unaorudisha umeme) au ethi (waya wa ardhini), halafu kinajifunga tena. Mashine yako inapata masalia tu.

Sogea usome maandishi yake: 14D471K. Hiyo 14 ni kipenyo kwa milimita. 471 maana yake 47 na sifuri moja, yaani volti 470, pale kinapoanza kupitisha. K ni tofauti inayoruhusiwa, asilimia 10 juu au chini. Varista ya namna hii inakaa na volti 300 za AC, yaani umeme wa ukutani, bila shida. Ikiandikwa 431K, ni ya volti 275 za AC. Zote mbili zinafaa umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda. Ukikuta 20D badala ya 14D, hiyo ni pana zaidi na inameza nishati nyingi zaidi.

Sasa ukikuta 201K au 241K, iweke pembeni. Hiyo ni ya umeme wa Marekani, volti 120. Nalisema hili kwa sababu ndugu wengi walioko kule wanatuma mzigo wa PS5 pamoja na ekstensheni yake. PS5 yenyewe haina tatizo, pawa saplai yake, sehemu ya ndani inayopokea umeme wa ukutani, inakubali volti 100 hadi 240. Ekstensheni ndiyo yenye tatizo. Ile adapta ya plagi haibadilishi volti, inabadilisha umbo la pini tu. Ukiichomeka kwenye 230, varista inaanza kupitisha umeme mfululizo na inapata moto papo hapo. Kama ekstensheni ni nzuri, fyuzi yake ya joto itakata. Kama ni ya hovyo, utaona moshi, na plastiki inaweza kushika moto.

Hesabu varista zilizomo. Ekstensheni iliyokamilika ina tatu: moja kati ya laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro, moja kati ya laivu na ethi, moja kati ya nyutro na ethi. Za bei ya chini zina moja. Na zipo ambazo hazina hata moja, zina taa ndogo nyekundu ndani ya swichi na neno kubwa la saji kwenye boksi.

Huwezi kufungua ekstensheni ya watu dukani, kwa hiyo soma boksi. Namba ya jouli, kipimo cha nishati inayoweza kumezwa, itakuwepo, lakini usiiamini peke yake, kila kiwanda kinahesabu kivyake. Mimi natafuta vitu viwili. Kwanza, kiwango cha IEC 61643-11, cha kimataifa cha vifaa vya kinga ya saji, kimetajwa. Pili, kuna namba iliyoandikwa Up, yaani volti zinazobaki kupita baada ya varista kufanya kazi, 1.5 kV (volti 1500) au chini ya hapo ni sawa kwa umeme wa 230. Boksi lisilo na namba yoyote, lenye picha ya radi tu, liache hapo hapo.

Halafu kuna taa. Ekstensheni nzuri ina taa mbili: ya swichi, na nyingine inayoonyesha kinga ipo. Varista inachakaa. Kila mpigo unaipunguza, na siku ikifa inakatwa na fyuzi yake ya ndani, lakini soketi zinaendelea kutoa umeme vizuri kabisa. Taa ya kinga ikizimika, ulichonacho ni ekstensheni ya kawaida. Inunuliwe nyingine.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwetu linaunguza vitu vingi, na ambalo hii ekstensheni ya saji hailiwezi: nyutro kukatika.

Umeme unaotoka kwenye transfoma ya mtaa una fezi tatu, yaani nyaya tatu za laivu, na nyutro moja. Nyumba yako iko fezi moja, ya jirani fezi nyingine, nyutro mnachangia. Waya ule wa nyutro ukikatika au ukilegea kwenye nguzo, nyumba zenu zinabaki zimeungwa kwa mfululizo kati ya fezi mbili, zenye volti 400 kati yake. Mwenye mzigo mkubwa anapata volti kidogo, mwenye mzigo mdogo anapata nyingi. Taa zako zinang'aa kuliko kawaida, feni inakimbia, na kwa jirani balbu zimefifia. Ukipima unakuta 300, 340, 380. Na hali hiyo haikai sehemu ya milioni ya sekunde, inakaa dakika, pengine saa nzima mpaka mafundi wa shirika wafike. Varista haikutengenezwa kubeba hilo. Itapitisha, itachemka, itakufa, kisha zile volti zitaingia kwenye pawa saplai.

Ndipo inapoingia gadi. Hii hapa ni ya TV, ndogo, inachomekwa ukutani. Ndani ina saketi inayopima volti na rilei, swichi inayosukumwa na umeme, inayokata. Nyingi zinakata zikivuka karibu 260, na zinakata pia zikishuka sana. Umeme ukirudi haiwashi papo hapo. Ya TV inasubiri kama nusu dakika, ya friji inasubiri dakika kadhaa ili kompresa ipumue. Ile subira ina maana yake: umeme unaporudi mtaa mzima, friji, pampu na feni zote zinaanza kwa pamoja, volti zinayumba juu na chini. Mashine yako inaingia baada ya hayo kupita.

Udhaifu wa gadi ni kasi. Rilei ni kitu cha kujongea, inahitaji sehemu kadhaa za elfu ya sekunde kukata, na mpigo mfupi unakuwa umeshapita. Kwa hiyo ukiniuliza saji au gadi, nitakujibu zote mbili, na kwa mpangilio huu: ukutani gadi, kwenye gadi ekstensheni ya saji, kwenye ekstensheni mashine. Gadi inakata zile volti za muda mrefu kabla hazijaiua varista. Varista inameza ile mipigo mifupi ambayo gadi haiwahi.

Angalia ampea za gadi kabla ya kulipa. Hii imeandikwa 5A. Mara 230, ni wati 1150. Tupige hesabu: PS5 ikiwa kwenye gemu zito inakula kama wati 200, TV ya inchi 55 kama 120, ruta 10, king'amuzi 15. Jumla haifiki 400. Ukiongeza kompyuta ya gemu ya wati 450 na monita ya 40 unakaribia 850, bado umo ndani. Kinachoharibu ni mtu kuja na pasi ya wati 1200, au birika la umeme la wati 2000, na kuchomeka nafasi iliyobaki. Soketi hiyo ya pembeni ifunge kwa gundi ya karatasi kama nyumba ina watu wengi.

Stabilaiza, ile inayopandisha na kushusha volti ziwe sawa? Kwa friji ya zamani sawa. Kwa PS5, Xbox au kompyuta yenye pawa saplai ya 100 hadi 240, ni hela imepotea. Mashine hizo hazisumbuliwi na volti 170. Ila kama kompyuta yako ni ya zamani, geuza nyuma uangalie swichi ndogo nyekundu. Iwe 230. Ikiwa 115 na ukawasha, utasikia mlio.

Ethi. Hapa wengi wanaruka. Varista mbili kati ya zile tatu zinategemea ethi. Nyumba isiyo na ethi, au plagi ya pini mbili iliyoingizwa kwa kuchokoa tundu la juu kwa kijiti cha kiberiti au kalamu, inakuachia varista moja tu. Dalili ni hii: unagusa boksi la chuma la kompyuta kwa mgongo wa mkono, unahisi linachonyota. Watu wanasema kompyuta inapiga shoti kidogo. Ni chujio la pawa saplai, linamwaga umeme mdogo kwenye bodi ukisubiri ethi iuchukue, na ethi haipo.

Kupima, tumia testa ya soketi yenye taa tatu, au multimita ikiwa kwenye AC 750. Laivu na nyutro, utapata 230 hivi. Laivu na ethi, iwe karibu sawa. Nyutro na ethi, iwe volti moja mbili. Ukipata 40 au 90 hapo, au laivu na ethi ikasoma namba ya ajabu, soketi hiyo haina ethi ya kweli. Mwite fundi mwenye leseni akague fimbo ya shaba iliyochimbiwa nje na waya unaotoka kwake. Usijiongeze kwa kuunga ethi na nyutro nyuma ya soketi, maana nyutro ikikatika bodi ya kompyuta yako inakuwa na laivu kamili.

PS5 inatumia waya wa pini mbili, haina ethi kabisa. Mtu anadhani basi haimhusu. Inamhusu kupitia HDMI. Waya ule unaunganisha bodi ya PS5 na ya TV, TV imeungwa king'amuzi, king'amuzi kimeungwa dishi lililo juu ya bati. Mpigo ukiingia kwa waya wa dishi unapita njia hiyo hiyo, na cha kwanza kufa ni soketi ya HDMI. Saji ya ukutani haina habari. Kwa hiyo vitu vyote vinavyoungana kwa HDMI au waya wa mtandao vikae ekstensheni moja, vishiriki ethi moja. TV soketi ya kushoto na kompyuta soketi ya chumba kingine ni mwaliko wa tofauti ya volti kupita kwenye HDMI. Kama ekstensheni yako ina tundu za waya wa antena, zitumie.

Radi ikianza, chomoa. Plagi, na waya wa dishi. Wa Bukoba, Mwanza na Kisii mnalijua hili kuliko wengine, ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi sana duniani. Hakuna ekstensheni ya kuchomeka inayozuia radi iliyopiga nguzo ya karibu. Kuzima swichi hakutoshi, pengo la ndani ya swichi ni milimita chache.

UPS kwa kifupi. Hii ya VA 650 inabeba kama wati 360 hadi 390. Ruta na monita, sawa. Kompyuta ya gemu ikiwa kazini itaizima. UPS ichomekwe ukutani au kwenye gadi, na usichomeke ekstensheni ya saji kwenye matundu yake ya betri, watengenezaji wengi wanalikataza.

La mwisho ni waya wenyewe. Pindua ekstensheni usome ubavuni mwa waya: 3x1.25 au 3x1.5, hizo ni milimita za mraba. Iliyoandikwa 0.75 isibebeshwe zaidi ya TV na redio. Weka sumaku kwenye pini na kwenye ncha ya waya; ikinasa, si shaba. Fungua plagi, fyuzi iwe na alama ya BS 1362, kiwango cha Uingereza cha fyuzi za plagi, isiwe waya uliosokotwa wala karatasi ya sigara. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni, na usiuache waya umeviringishwa nyuma ya kochi. Ukishaunga vyote, cheza saa moja, kisha shika plagi ya ukutani. Vuguvugu ni sawa. Ikikuunguza kidole, zima: soketi imelegea, na hiyo inabadilishwa leo, si mwisho wa mwezi.