Kitabu cha kuunda magari ya miguu: kinaanzia kwenye ardhi, na hapo ndipo kiliponipata

Vitabu vingi vya kanuni za michezo ya kuigiza wahusika, inayochezwa mezani kwa karatasi na dadu, ile ya sayari za mbali na vyombo vya angani, vikifika kwenye magari ya miguu huanza na mizinga. Unachagua silaha, unavika deraya, unapiga hesabu ya gharama, na mwisho kabisa ndipo unaulizwa gari litakuwa na miguu mingapi. Kitabu hiki kimeanzia kwingine. Kabla hujagusa injini kinakutaka useme gari litakanyaga nini: mwamba uliopasukapasuka, tope, theluji laini, mchanga wa mteremko, vifusi vya mji uliobomoka, au sakafu ya chuma ya kituo cha angani. Ukishajibu, maamuzi mengi yanayofuata yanajipanga yenyewe, na gari linalotoka hapo lina sababu ya kuwa na miguu na si magurudumu.

Mimi ni fundi wa mitambo mizito. Jioni ni msimulizi, yaani kiongozi wa mchezo, wa kundi la wachezaji wanaopenda kuunda vyombo vyao wenyewe kuliko kuchukua vilivyo tayari. Kwa hiyo nimekisoma kama mtu anayejua pini na bushi zinavyolika, na pia kama mtu anayejua ni hesabu ya ngapi inayomfanya mchezaji aanze kuangalia simu yake.

Sura bora kuliko zote ni ile ya mpangilio wa hatua. Gari la miguu minne linalotembea taratibu linaruhusiwa kuinua mguu mmoja tu kwa wakati, na kitovu cha uzito lazima kibaki ndani ya pembetatu ya nyayo tatu zilizobaki chini. Kikitoka nje ya hapo gari linaanguka, labda liwe na kompyuta na nguvu za kujisawazisha papo kwa papo. La miguu sita huinua mitatu na kukanyagia mitatu, kwa zamu, kama wafanyavyo wadudu. Muda wote lina pembetatu imara chini yake. Haya ni mambo ya kweli, na mwandishi ameyageuza kuwa kanuni ya mezani kwa ustadi mkubwa. Unachora nyayo kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, unaweka kifungo cha shati pale kitovu cha uzito kilipo, na mzigo ukipakiwa upande mmoja kifungo kinasogea kuelekea huko. Hakuna dadu inayorushwa mpaka kifungo kiguse mstari.

Niseme kanuni hiyo inavyofanya kazi mchezo ukipamba moto. Wachezaji wangu walikuwa wanavuka uwanda wa lava iliyoganda kwa gari la miguu sita lililobeba matangi ya maji. Mguu wa kati wa kushoto ukavunjika. Katika mifumo mingine ningesema tu gari limepungua mwendo, tukaendelea. Hapa walichora upya. Wakaona kwamba ukiinua mguu wa mbele wa kushoto, zinazobaki ni wayo mmoja wa nyuma kushoto na tatu za kulia, na kifungo kinakaa juu ya mstari hasa. Mmoja wao akauliza kama wanaweza kuhamishia matangi kulia, penye miguu mitatu mizima. Wakashuka wakiwa na mavazi ya hewa, wakahamisha tangi moja moja huku dhoruba ikikaribia, kifungo kikaingia ndani ya pembetatu, na gari likaanza kuondoka, mguu mmoja baada ya mwingine. Adui hakuwepo, risasi haikupigwa, na hakuna aliyetaka kuondoka mezani. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kitabu cha aina hii, na kimefaulu vizuri.

Visanduku vya historia navyo vina kazi. Lori la miguu minne ambalo General Electric walilitengenezea jeshi la Marekani miaka ya 1960, likisanifiwa na Ralph Mosher, liliendeshwa na mtu aliyekaa ndani: mikono yake iliongoza miguu ya mbele, miguu yake ikaongoza ya nyuma, na mashine ikamrudishia hisia ya kile inachokikanyaga. Lilitembea, lakini dereva alichoka upesi. Kutoka hapo kitabu kinachota kanuni ya uchovu: gari lisilo na kompyuta ya kupanga hatua linamdai dereva jaribio la ustahimilivu kila baada ya muda, na magumu yanazidi. Dante II, roboti ya miguu minane ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliteremka kwenye kreta ya volkano ya Mount Spurr huko Alaska mwaka 1994, ikafanya kazi yake, kisha ikaanguka ubavu wakati wa kupanda kurudi. Kanuni iliyozaliwa na mkasa huo ni fupi: mteremko una namba mbili, ya kushuka na ya kupanda, na ya kupanda ni kali zaidi. Safu ya kelele pia ipo, na inastahili kuwepo. Roboti ya kubeba mizigo ya Boston Dynamics iliwekwa kando na Marines, askari wa majini wa Marekani, mwaka 2015 kwa sababu mlio wa injini yake ungewatoa askari mafichoni.

Sasa kasoro, na ya kwanza ni nzito. Hesabu ya shinikizo la wayo kwenye ardhi inagawanya uzito wa gari kwa nyayo zote. Gari likisimama, sawa. Likitembea, si sawa hata kidogo. Chukua gari la tani 12 lenye miguu sita, kila wayo duara la kipenyo cha sentimita 60, kwenye graviti ya Dunia. Likisimama kwa nyayo zote, ardhi inabeba kama kilopaskali 69. Likianza kutembea, nyayo tatu ziko hewani, na tatu zilizobaki zinakandamiza kwa kilopaskali 139 hivi. Kwa jedwali la kitabu chenyewe, hiyo ni tofauti kati ya kupita kwenye tope na kuzama mpaka magotini. Dawa ni rahisi: gawanya kwa idadi ya nyayo zinazobaki chini wakati wa hatua, yaani tatu kwa miguu sita, tatu kwa minne inayoinua mmoja mmoja, moja kwa miwili. Ghafla majitu ya miguu miwili yanakuwa vyombo vya ardhi ngumu tu, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Ya pili ni graviti. Kitabu kinaongeza mwendo kadiri graviti inavyopungua, kwa maelezo kwamba gari ni jepesi. Kwa kutembea mambo ni kinyume. Anayetembea, mwili wake unapita juu ya wayo kwa tao, na kinachoushikilia usiruke ni graviti. Kuna namba iliyopewa jina la William Froude, mhandisi wa meli wa karne ya 19: mwendo mara mwendo, ugawe kwa graviti mara urefu wa mguu. R. McNeill Alexander, mtaalamu wa zoolojia, aliitumia kwa wanyama, na binadamu na wanyama wengi huacha kutembea na kuanza kukimbia namba hiyo inapokaribia 0.5. Kwa mguu wa mita 3, hapo ni kama kilomita 14 kwa saa duniani. Kwenye Mirihi ni kama 8.5. Mwezini haifiki 6. Ndiyo maana wanaanga wa Apollo walikuwa wakirukaruka kule badala ya kutembea. Kwa hiyo kwenye mwezi mdogo, gari la kutembea ni la polepole, na anayetaka haraka lazima alipie uwezo wa kuruka: viungo vyenye springi, kompyuta ya kusawazisha, mikanda ya kuwafunga abiria. Mimi nimeifuta safu nzima ya nyongeza na kuandika hesabu hii pembeni. Wachezaji wameipokea vizuri sana, kwa sababu sasa kila sayari inawadai gari lake.

Halafu kuna jambo lililoniuma kikazi. Kitabu hakina hata mstari mmoja kuhusu mitambo ya migodini inayotembea, na hiyo ndiyo mikubwa kuliko mashine zote zenye nyayo zilizowahi kufanya kazi ya kweli. Big Muskie, iliyofukua udongo na miamba iliyofunika makaa ya mawe huko Ohio, Marekani, kuanzia 1969 hadi 1991, ilikuwa na uzito wa tani 12,000 hivi. Mitambo ya jamii hiyo hukaa juu ya kitako kipana wakati wa kuchimba. Ikitaka kuhama, viatu viwili vikubwa vya ubavuni vinashuka, vinaubeba mwili, vinausogeza hatua moja na kuutua tena. Mwendo wake ni wa kinyonga na haujali, kwa kuwa kiatu kipana kinasambaza uzito kwenye udongo laini. Msimulizi akiwa na kanuni za mtambo huo anaweza kuweka mji mzima wa wachimbaji unaotembea, na ukaaminika.

Kuhusu matengenezo, kurasa mbili hazitoshi. Miguu sita yenye viungo vitatu kila mmoja ni viungo 18, kila kimoja na silinda yake, mipira yake ya haidroliki, pini, bushi na sili za kuzuia mvujo. Kwenye vumbi la sayari kavu, sili ndiyo inayokufa kwanza; ikianza kuvuja, oili inashika vumbi, vumbi linasaga bushi, goti linaanza kucheza, na kompyuta inapoteza hakika ya wayo uko wapi. Mfuatano huo peke yake ni kipindi kizima cha mchezo. Kitabu kinautoa kwa kurusha dadu moja ya "hitilafu".

Michoro ni safi, faharasa inafanya kazi, na fomu za miraba mwishoni zimepangwa na mtu aliyewahi kucheza. Sura ya silaha nimeipitia haraka. Ni ya kawaida.

Ukikinunua, usianze na jitu la miguu miwili lililochorwa kwenye jalada. Anza na miguu sita na mzigo mzito usiokaa katikati. Rekebisha shinikizo kama nilivyoeleza kabla ya kipindi cha kwanza, na waachie wachezaji wenyewe waweke kifungo kwenye karatasi.