The Haunting ya 1999 imenikera jamani, someni kitabu

Nimeangalia The Haunting ya 1999 na mpaka sasa nina hasira nayo. Kwenye library ya muvi nilimwambia kijana nataka ile ya 1963, ya blaki endi waiti, niirudie, akanicheka mbele ya wateja, "dada, ile mzimu wenyewe hauonekani, utalala tu", akaniwekea hii kwenye flashi na hela akachukua. Sasa huo mzimu kutoonekana si ndo utamu wenyewe!

Waliosoma The Haunting of Hill House, riwaya ya Shirley Jackson ya 1959 ambayo muvi zote mbili zimetolewa humo, wananielewa. Eleanor ni mdada mpweke aliyemuuguza mama yake miaka 11, na usiku aliokufa mama aligonga ukuta kuomba dawa, Eleanor hakwenda. Baadaye anaalikwa na msomi mmoja anayechunguza mizimu kwenye jumba la watu lenye sifa mbaya, usiku kuta zinaanza kugongwa, na yeye bado ana usingizi anapapasa taa huku anaitika, nakuja mama, nakuja. Pale nilifunga kitabu kwanza. Maana hujui inayogonga ni nyumba au ni lile deni alilonalo moyoni, na Jackson hakwambii, unafika ukurasa wa mwisho hajakwambia.

Robert Wise, mwongozaji wa ile ya 1963, alilielewa hilo. Kuna pale wote wamejifungia chumbani, mlango unavimba kuja ndani, unarudi, unavimba tena, na walichofanya ni kutengeneza mlango wa vibao vyembamba vilivyogundishwa pamoja halafu mtu akausukuma kwa nyuma, basi! Hakuna kompyuta hapo, na huoni kilichoko nje, lakini mgongo wote unasisimka.

Hii ya 1999 sasa, ya mwongozaji Jan de Bont, kila kitu wanakuonyesha. Sura za watoto zilizochongwa kwenye mbao zinacheza, mzee Hugh Crain, aliyelijenga jumba, mwenyewe anatokea lizimu kubwa la kompyuta, na Eleanor wamemfanya mtu wa ukoo wa nyumba hiyo aliyekuja kuokoa roho za watoto. Yaani yule dada ambaye hana pa kwenda duniani, ambaye anaipenda nyumba mbaya kwa sababu ndo mahali pa kwanza anahisi anatakiwa, wamempokonya upweke wake wakampa kazi ya kupigana na jini. Hapo ndo waliponiudhi kabisa.

Sikatai, jumba walilojenga ndani ni zuri sana na Lili Taylor, aliyecheza Eleanor, anaigiza kwa moyo wote. Na hata ya 1963 kuna kitu kinanikwaza, mke wa yule msomi kwenye kitabu anakuja na kibao chake cha kuongea na mizimu anajifanya anajua kila kitu, kwenye muvi wakamgeuza asiyeamini, sijapenda. Ila hiyo naisamehe.

Nilitaka kusema kama hujasoma kitabu hii ya 1999 unaweza kuiangalia ukiwa na wenzio wikiendi, haina shida... hapana. Wewe ambaye hujasoma ndo usiiguse kabisa, itakuonyesha kila kitu halafu ukija kufungua kitabu huo mlango hautakutisha tena. Mimi flashi nimeshaifuta na kwa yule kijana sirudi.